Tembe la Mheshimiwa

Jumatano, 9 Julai

Baridi! Upepo wa Ipagala, hapa Dodoma, unapita hadi ndani ya soksi. Kwetu Muheza mwezi wa saba mtu anavaa shati tu na kulalamika joto. Hapa nimevaa sweta mbili na, juu yake, koti la mke wangu.

Lakini mimi si hoja. Hoja ni kuku. Mitetea sita, jogoo mmoja, na yai hatujaliona tangu katikati ya Juni. Leo na Mheshimiwa naye kanyamaza. Mheshimiwa ni jogoo wangu mwekundu. Nilimpa jina hilo kwa sababu anatembea kama mtu anayesubiriwa na dereva. Asubuhi alipanda juu ya ndoo, akatanua kifua, akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Mafua! Nilitaka kulia.

Anyesi, mke wangu, hakutaka kulia. Ni mwalimu wa darasa la tatu, huruma yake yote anaimalizia shuleni. Kasema Jumapili ya tarehe 20 jumuiya inasali kwetu na watu watakula. Ikifika siku hiyo hakuna yai wala kuwika, Mheshimiwa anaingia sufuriani. Nikamwambia huo ni ukatili. Akajibu kwamba jogoo asiyewika ni kitoweo kilichochelewa.

Na Castory, jirani! Ana kuku wa kisasa, taa za umeme bandani, mayai trei kwa trei. Amechungulia juu ya ukuta kuuliza kama kwangu kuna msiba, mbona kimya. Nikamjibu kwamba jogoo wangu anapumzisha sauti.

Alhamisi, 10 Julai

Mpango wa kwanza: sweta la jogoo. Nimekata soksi ndefu ya Anyesi, nikatoboa matundu ya mabawa, nikamvalisha Mheshimiwa. Amesimama. Amejitazama. Ameanguka ubavu kama gogo. Mitetea wamemkimbia mume wao. Posho, yule mnene ninayempenda kuliko wote, kamdonoa kichwani kama mwizi. Castory kapiga picha.

Jioni, mpango wa pili. Jiko la mkaa katikati ya banda. Kwa nini sikuwaza mapema? Dakika tano za joto safi. Dakika ya sita maranda yakashika moto.

Kuku wote salama. Mlango wa banda haupo tena. Nyusi yangu ya kushoto pia. Anyesi alimwaga ndoo tatu za maji, kisha akauliza kwa upole kama nilikuwa nawaokoa au nimeamua kumsaidia kupika.

Jumamosi, 12 Julai

Bila mlango banda limekuwa baridi zaidi. Mheshimiwa anapiga chafya. Nimemkanda kifua kwa kitambaa cha moto, akaniegemea mkononi, akafumba macho. Siwezi kumla rafiki aliyeniegemea. Siwezi!

Kwa hiyo nimefanya ujanja. Nimekwenda stendi, nikanunua mayai mawili ya kienyeji kwa mama mmoja mwenye beseni. Nikayaingiza chini ya Posho. Nikapiga kelele za furaha. Anyesi kaja mbio, kayaona, kafurahi kweli, hata kanishika bega. Nikaona aibu kidogo, ikapita.

Akaligonga moja kwenye kikaango. Halikumwagika. Likabaki limekaa, gumu, linatutazama.

Sasa ndiyo nakumbuka yule mama aliniuliza kama aweke chumvi na pilipili. Nilidhani ni uchangamfu wa biashara. Anyesi amesema Posho ni kuku wa kwanza Tanzania kutaga yai la kuchemsha, kisha kamenya la pili akala. Zimebaki siku nane.

Jumapili, 13 Julai

Akili imekuja kanisani, wakati wa mahubiri. Tembe! Kwetu Muheza tembe ni kuku jike aliyepevuka, amekaribia kutaga, bado siku mbili tatu tu. Nikipata tembe mmoja wa nyanda hizi hizi, aliyezaliwa na kukulia kwenye upepo huu, atataga kabla ya Jumapili na Mheshimiwa ataona sababu ya kupona.

Na nani mwenye kuku wa nyanda hizi? Baba mkwe! Mzee Mazengo wa Gulwe. Nimemwandikia ujumbe kwa adabu zote: Shikamoo Baba. Baridi imezidi, jogoo wangu anaumwa. Naomba tembe kwa ajili yake kabla ya Jumapili.

Kapiga simu palepale. Kauliza kama kweli nataka tembe, mimi, mtu wa Pwani. Nikasema ndiyo Baba, mambo ya kisasa sitaki, nataka ya kienyeji kabisa. Kauliza ukubwa. Nikasema kiasi cha kumtosha jogoo. Kisha kasema Mungu anibariki, na sauti yake ilitetemeka. Watu wa Gulwe wanawapenda kuku wao jamani! Kasema anakuja mwenyewe Jumanne.

Jumanne, 15 Julai

Mzee kafika juu ya kanta, lori dogo la mizigo. Nimetoka mbio na kikapu cha kuwekea kuku.

Ndani ya kanta kulikuwa na nguzo kumi na mbili, fito mzigo mzima, majembe mawili na shoka. Nikainama nichungulie chini ya nguzo. Hakuna unyoya. Nikauliza tembe yuko wapi. Mzee kacheka, kanipiga mgongoni, kasema subira, mwanangu, tembe halibebwi, linajengwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Huku tembe ni nyumba! Nyumba ya Kigogo, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo. Nimeishi Dodoma miaka minne, nimezipita barabarani mara mia, na sikuwahi kuuliza zinaitwaje.

Nilifungua mdomo nimweleze. Lakini mzee alikuwa tayari anaelekea bandani. Kawasalimia kuku wangu: Mbukwenyi! Kawaambia wasiogope, amekuja. Mtu anamsahihishaje baba mkwe? Kwetu mkwe hasahihishwi hata akivaa viatu kinyume. Nikashusha nguzo.

Jumatano, 16 Julai

Kazi ya mkwe ni kukanyaga udongo. Nimekanyaga tangu saa moja asubuhi, peku, suruali imekunjwa magotini. Udongo wa Dodoma mwezi wa Julai! Miguu ilikufa saa mbili. Saa tatu nikaacha kujua ni ya nani. Mzee ana miaka sabini na mbili na alikuwa amevaa kaptura.

Castory kachungulia. Kauliza kama tunahama. Mzee kamjibu kwamba mkwe wake anamjengea jogoo ikulu ndogo. Castory kashindwa kucheka, maana mzee hakuwa anatania.

Mchana mzee kachuma shubiri kwenye ua wa Castory, kwa ruhusa, kaikata vipande kaitia kwenye maji ya kuku. Mheshimiwa kanywa akakunja uso. Nimeionja. Mheshimiwa ana haki.

Alhamisi, 17 Julai

Leo niliamua kusema ukweli. Mbavu zinauma, kazini nimeomba ruhusa ya siku tatu kwa dharura ya ukweni, na hata tembe likiisha halitagi. Nikamfuata mzee juani akinywa chai. Nikaanza: Baba, kuhusu lile neno tembe.

Kanikatiza. Kasema na yeye alitaka kuzungumza kuhusu hilo hilo. Ana watoto wa kiume wanne, wote wamejenga kwa matofali na bati. Sawa, ndiyo maendeleo, hakatai. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba amfundishe kusimamisha tembe. Alishakubali kwamba atakufa na ujuzi huo kichwani. Kisha siku ya Jumapili simu inalia, na anayeomba ni mkwe wa Muheza. Kawasomea ujumbe wangu ukoo mzima. Mama mkwe kapiga vigelegele.

Nikauliza kama udongo wa paa uwe mzito au mwepesi.

Kasema mzito. Nikarudi kukanyaga. Nilikuwa nalia kidogo, lakini upepo ulikuwa mkali, mtu asingeweza kutofautisha.

Jumamosi, 19 Julai

Tembe limekwisha! Kuta nene, paa bapa, kimlango kinachotazama kule upepo usikotoka. Mzee kanifundisha kushika fito, kufunga kamba, kupiga udongo kwa kiganja. Ukuta mmoja ni wangu peke yangu. Umepinda. Mzee kasema hata wake wa kwanza ulipinda, na nyumba ile bado ina watu.

Kuku wameingia mmoja mmoja, Posho mbele. Mheshimiwa wa mwisho, kichwa juu. Hawakutoka tena.

Lakini yai hakuna. Kuwika hakuna. Anyesi ananoa kisu. Nimemkumbusha jinsi baba yake alivyofanya kazi. Kasema ndiyo maana baba yake lazima ale kuku kesho, mgeni wa heshima hali maharage. Huyu mwanamke hoja zake hazina mlango wa kutokea!

Jumapili, 20 Julai

Saa tatu asubuhi maji yalikuwa jikoni yanachemka. Jumuiya saa nne. Anyesi kasema nikamlete Mheshimiwa. Nikasema nitamleta mwenyewe, asishikwe na mtu mwingine.

Nikaingia tembeni kwa magoti. Joto! Joto la kweli, la taratibu, la kuta na kuku saba. Sijapata joto kama hilo tangu Mei. Nikakaa nimuage. Nikamweka Mheshimiwa pajani, nikavua kofia, nikamwomba radhi. Nikamwambia nilijaribu soksi, nilijaribu moto, nilijaribu uongo. Nikamwambia alikuwa jogoo mzuri. Nikafumba macho kidogo tu, nijikaze.

Kilichoniamsha ni mlio wa tarumbeta ndani ya sikio la kulia. Mheshimiwa! Amesimama begani kwangu anawika. Sauti imepasuka kidogo katikati, lakini ni sauti! Nikafumbua macho. Kwenye kimlango kulikuwa na uso wa Anyesi na kisu chake. Nyuma yake Mzee Mazengo. Nyuma yake jumuiya nzima na vitabu vya nyimbo, maana nililala saa nzima.

Kisha Posho akainuka kutoka kwenye kofia yangu. Ndani ya kofia kulikuwa na yai.

Anyesi kaingiza mkono, kalichukua, kalishika shavuni, kalitikisa kidogo karibu na sikio ahakikishe. Lilikuwa bichi. Kanitazama mimi, mwenye udongo kichwani na kinyesi begani. Nimekaa naye miaka kumi na moja na sijui kama amewahi kunitazama vile tangu mwaka wa kwanza. Kafuta kisu kwenye kanga kama alikuwa amekitoa kupungia hewa tu, kageuka, kawatangazia wageni kwamba leo ni maharage na mlenda.

Mzee kala sahani mbili za maharage. Kasema hajawahi kula chakula kitamu hivyo. Sala ilipoanza, kila kiongozi aliposema tumwombe Bwana, Mheshimiwa aliitikia kabla yetu.

Jumatatu, 21 Julai

Mzee kaondoka asubuhi. Tulishikana mikono muda mrefu kuliko kawaida ya wakwe. Nilitaka kumwambia ukweli wa lile neno, lakini sasa naona ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka tembe tangu mwanzo. Ndani kabisa. Bila kujua. Hivi ndivyo akili kubwa zinavyofanya kazi.

Nimemweleza Castory hivyo hivyo juu ya ukuta: kwamba niliupanga mradi mzima, hatua kwa hatua, kwa kuzingatia mazingira. Mwenzangu umeme umekatika tangu juzi, taa zote za bandani zimezimika, trei zake tupu. Kaniuliza kama mzee anaweza kumjengea. Nikasema nitamfikiria.

Naye nitammaliza kabisa. Wazo limenijia wakati nakunywa chai. Kanga! Ndege yule wa madoadoa. Hashikwi na mafua, analinda ua kuliko mbwa, na Ipagala nzima sijaona anayemfuga. Kule Gulwe wamejaa. Safari hii sikutaka utata wowote, nimeandika kwa uwazi kabisa: Shikamoo Baba. Nashukuru kwa tembe. Sasa naomba kanga kumi, wakubwa, wa rangi nzuri.

Jibu limefika saa hizi. Mzee kasema mama mkwe amefurahi mno, kazi hiyo anaifanya yeye mwenyewe, kesho anashuka Mpwapwa mjini kuchagua. Ila anauliza nataka zenye maneno gani.

Zenye! Kwa ndege! Nimemsamehe, Kiswahili ni lugha yake ya pili. Nimejibu kwamba wenye maneno machache tu, jirani zangu hawapendi kelele.