Leso ya Kuficha Chapati

Jumatatu, 3 Machi
Nimebeba mawe ya ujenzi tangu saa moja. Mgongo umekufa. Wakati wa chai ya mjengo Githinji, kapera ninayefanya naye kazi na kupakana naye ukuta hapa mtaani Huruma, alituonyesha daktari mmoja wa kwenye simu. Amesema mvuke wa mafuta ya kupikia hupunguza nguvu za kiume. Sayansi! Githinji akaongeza kwamba kwao mwanamume akishika mwiko hata mbuzi humcheka. Nilicheka kuliko wote.

Jioni nikafunga dirisha, nikapika chapati sita. Laini! Mke wangu Kanyiva yuko kijijini Mwingi na watoto. Nani anipikie?

Jumatano, 5 Machi
Hatari! Githinji amegonga mlango, kafuata harufu. Nikasema nina mgeni wa kike, katoka kidogo. Akaniita dume. Akala chapati mbili, akasema mkono wa mwanamke haujifichi.

Alhamisi, 6 Machi
Githinji anataka kumsalimia mgeni. Nimenunua leso, kanga ya kike, sokoni Gikomba, nikaianika nje ya mlango. Jengo zima limeamini. Akili ninayo!

Jumamosi, 8 Machi
Jengo lina mdomo mrefu. Kanyiva amepiga simu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Baba Ndinda, mwambie mwenye leso asiondoke. Niko kwa basi."

Jumapili, 9 Machi
Kanyiva amefika, amekagua hadi chini ya kitanda. Nikakiri mgeni hayupo, mpishi ni mimi. Akacheka vibaya: miaka tisa ya ndoa, hata chai sijawahi kumchemshia! Akaniamuru nipike papo hapo, mlango wazi. Zikitoka ngumu, anawachukua watoto na kurudi kwa mama yake.

Nilikanda, nikasukuma. Majirani wamejaa mlangoni. Zikatoka laini kama kitambaa.

Kanyiva akala tatu. Kisha akauliza, wiki ile alipojifungua Ndinda, mikono hii ilikuwa wapi? Nikamwongezea ya nne. Githinji naye akaninong'oneza: maji ya kukandia yawe moto au baridi?

Jumanne, 11 Machi
Kanyiva amerudi Mwingi amejifunga leso yangu. Ameagiza Pasaka nikapike.

Kwenye mjengo wananiita Mama Chapati. Lazima heshima irudi. Nimenunua leso nyingine, na safari hii nimeongeza viatu vya kike mlangoni. Hapo nani atabisha?

Ajabu, kwa Githinji pia imeanikwa leso! Dirisha lake limefungwa, chapati zinaungua. Kumbe naye kapata mgeni. Maskini, huyo mwanamke hajui kupika.