Safari ya Kuonja

Jofrey wa Ilomba, Mbeya, aliweza kunusa pesa hata ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Kwa hiyo alipowaona kina mama ishirini na tano wakitoka jumuiya pale Kihesa, Iringa, wote wakimsikiliza mwanamke mmoja, alinyoosha tai akamwendea huyo huyo.

"Shikamoo mama. Kamwene!"

"Marahaba, kamwene. Unauza nini, mwanangu?" aliuliza Mama Verediana, mwenyekiti wao.

Jofrey alitabasamu kama aliyeonewa. Hauzi kitu, anagawa maisha! Ukijiunga na Klabu ya Safari kwa laki tatu, ukaingiza wawili chini yako, nao wakaingiza wawili, basi unalala Zanzibar au Dubai kwa bei ya kulala kwa shemeji. Hakusema kwamba yeye aliuza pikipiki ili ajiunge, na tangu hapo hajavuka hapo Iringa. Wala kwamba asipoleta watu wanane kufikia Jumapili anafutwa, na pikipiki ndiyo imekwenda hivyo.

"Sawa," alisema mama. "Ila sisi huku hata pombe ya ulanzi hatununui bila kuonja. Wewe unauza safari. Tuonjeshe."

"Muonje... Dubai?"

"Kilolo hapo jirani panatosha. Jumamosi."

Ishirini na tano mara laki tatu! Jofrey alipiga hesabu mpaka akatokwa jasho kwenye baridi ile. Akauza simu yake, akakodi basi la Kosta.

Jumamosi kina mama walipanda na sare zao. Kumbe Kilolo kulikuwa na harusi. Waliimba, wakala, wakacheza, na Jofrey akazunguka na fomu zake mpaka alasiri.

"Mama, mmeonja. Tujaze sasa?"

"Klabu yako tumeionja, imechacha. Ila safari zinalipa kweli, mwanangu. Kila mmoja kanipa nauli elfu saba."

Jofrey alitaka kupiga kelele kwamba Kosta kakodi yeye. Lakini dereva alishawasha gari, na ndani kulijaa watu na magunia ya viazi mpaka mlangoni.

"Siti yangu iko wapi?"

"Kuna mzee keshailipia elfu nane."

Jofrey aliitazama barabara ya kurudi Iringa, milima mitupu. Akaingiza mkono mfukoni taratibu.

"Mimi natoa tisa, mama."

"Kumi," alisema Mama Verediana, "na hili gunia unalipakata."