Kitabu Kimoja, Watahiniwa Wawili

Jumatatu, 2 Machi 1998

Tangazo kubwa kazini! Kampuni yetu ya kununua kahawa itamsomesha karani mmoja shahada ya pili ya biashara. Sharti: afaulu mtihani wa kuingia chuo, Jumamosi ya wiki ijayo, Arusha. Tumejiandikisha wawili tu. Mimi, Aristides, mtu wa maono. Na Mektrida wa meza ya jirani, mtu wa kusoma.

Jumatano, 4 Machi

Tatizo dogo. Kitabu cha mazoezi ya mtihani kiko kimoja tu Moshi nzima, nacho ni cha Mektrida. Shangazi yake alimletea kutoka Nairobi. Nimezunguka maduka yote ya vitabu. Muuzaji wa mwisho alinipa kitabu cha ushonaji, eti nacho kina hesabu.

Ijumaa, 6 Machi

Mektrida kaniazima kitabu! Mwenyewe, bila kuombwa! Kasema kaka Aristides, kaa nacho hadi Jumatatu, tusaidiane. Maskini. Mpango ulinijia nikiwa bado nashukuru: kitabu hakirudi. Nitasema nimekisahau kwenye basi la Himo. Asiye na kitabu hasomi. Asiyesoma hafaulu. Safi kabisa!

Jumapili, 8 Machi

Nimepanda Kibosho kwa mama kukificha. Kiko darini juu ya jiko, nyuma ya mahindi, chini ya karatasi kuukuu. Nilisoma kurasa chache, mtori wa ndizi ukaiva, nikaenda kula. Mama kauliza kwa nini naficha kitabu kama gongo. Nikamwambia ni siri ya biashara. Kaniangalia vile alivyokuwa akimwangalia marehemu baba.

Jumatatu, 9 Machi

Nimemweleza Mektrida habari ya basi. Nikaongeza na kilio kidogo. Akanipa pole! Akasema mradi mimi mwenyewe nimefika salama. Nilisikia kitu kinanichoma kifuani. Chai ya kantini, nadhani.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeomba ruhusa, nimerudi Kibosho kusoma kwa bidii. Dari tupu! Mama wala hakushtuka.

"Mvua hii, mwanangu, kuni zote zimelowa. Karatasi zake zinashika moto vizuri sana."

Kabakiza jalada, kafunikia kibuyu cha maziwa. Nikapiga kelele. Akauliza, kama kilikuwa cha maana, kwa nini nilikiweka kwenye karatasi za kuwashia moto? Kisha akanikazia macho.

"Au ni cha mtu?"

Nimesoma jalada, mbele na nyuma.

Jumamosi, 14 Machi

Arusha. Mlangoni nakutana na Mektrida, mkononi ana rundo la fotokopi. Kitabu kizima! Alikuwa ametoa nakala mbili kabla ya kuniazima. Moja aliiweka kwenye droo yangu tangu Jumatatu, aliponiona nina majonzi. Kauliza imenisaidia? Nikasema sana. Droo ile huwa siifungui. Ndimo wanamowekaga kazi.

Swali la kwanza: bomba moja linajaza tangi, jingine linatoa maji. Upuuzi! Fundi wa namna hiyo angefukuzwa. Nikachagua C. La pili, C. Yote, C. Nikawa wa kwanza kutoka, kifua mbele.

Alhamisi, 16 Aprili

Majibu. Mektrida kafaulu, anaondoka mwezi ujao. Bosi, Mzee Ebenezeri, kaniuliza mbele ya watu wote mimi nimepata nini. Nikasema uzoefu. Walicheka hadi wapokea wageni. Mektrida peke yake hakucheka. Kasema nijaribu tena mwakani, ataniandalia masomo.

Nimejitathmini kwa kina. Kosa nimeliona: ni mama. Mtu makini hafichi mali kwa mama yake.

Sasa nafasi ya Mektrida iko wazi. Usaili ni Jumatatu. Sirili wa stoo naye anaitaka, na anajua kazi kuliko mimi. Jioni nimemfuata kwa upole, nikamnong'oneza kwamba usaili umesogezwa hadi Ijumaa. Kanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kasema katika ofisi nzima, mimi ndiye mtu pekee anayemwambia ukweli.