Viti Vinane vya Kwenda Kula

Jumatatu, 4 Machi
Mama Msimamizi ametangaza: Jumamosi kiwanda kizima cha sare tutazunguka mjini tukila. Supu hoteli moja, samaki nyingine, aiskrimu mwisho. Akauliza nani atashughulikia usafiri. Mkono wangu ulipanda kabla sijafikiri. Sababu ni moja: Dada Vifungo. Miaka miwili sasa nakata vitambaa meza tatu nyuma yake. Kisogo chake nakijua kuliko uso wake. Na garini, mpanga viti ni mimi!

Jumanne, 5 Machi
Nimepanga. Yeye dirishani, mimi kando yake. Bwana Pasi, mpiga pasi wetu ambaye shati lake halijui mkunjo, nyuma kabisa, juu ya tairi. Shangazi ninayekaa naye aliichungulia karatasi, akauliza kwa nini nisimwambie tu huyo binti. Shangazi hajui mambo ya mipango.

Alhamisi, 7 Machi
Gari limepatikana. Dereva aliuliza tuko wangapi. Nilisimama mezani pangu, nikawahesabu mmoja mmoja kwa macho. Wanane. Na viti vinane! Bahati iliyoje.
Mchana Dada Vifungo aligeuka, akaniomba mkasi. Nilisahau kumpa. Nilikuwa namtazama.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa. Wote wamepanda, gari limejaa pomoni, mimi niko nje na orodha mkononi. Sikujihesabu! Dereva akakataa katakata kuzidisha mtu. Kiti changu akakikalia Bwana Pasi, tena kwa upole wa kuudhi. Nikasema tangulieni, nawafuata kwa miguu.
Kwenye supu nilikuta bakuli tupu. Kwenye samaki, miiba. Kwenye aiskrimu nilifika nahema, viatu vimenichubua, nao ndio wanapanda gari. Dada Vifungo akashusha kioo, akanipa koni iliyolowa. Akasema alininunulia nzima, imeyeyuka akinisubiri.
Gari likaondoka. Nilisimama palepale mpaka aiskrimu ikanifika kwenye kiwiko. Alinisubiri! Mimi!

Jumatatu, 11 Machi
Amekuja mezani kwangu. Mwenyewe! Kwa mara ya kwanza nimeona kwamba ana kidoti chini ya jicho la kushoto. Akaniuliza kwa sauti ya chini:
“Mbona hukuniita nishuke? Tungetembea, mimi na wewe. Jumamosi hii nina nafasi.”
Nikamjibu kwamba nitalishughulikia. Akasubiri kidogo, akichezea kifungo mkononi, kisha akarudi kwenye kiti chake.
Nimeyapima maneno yake siku nzima. Nafasi! Kumbe lile gari lilimbana, maskini, akaona haya kulalamika. Haitarudiwa. Nimekodi basi la viti arobaini na tano, na Bwana Pasi, muungwana kumbe, amekubali kunisaidia kutafuta watu wa kulijaza.