Azimio la Kuzuia Unyevu Ukumbini

Kwa mamlaka niliyopewa mimi, Feliksi Manariyo, Katibu wa Kamati ya Uratibu wa Rangi za Skrini, Kigoma Ujiji, nautangazia umma kwamba sasa tunayo nyekundu ya kwetu, kijani ya kwetu, na bluu ambayo bado iko katika kipindi cha majaribio.

Rangi hizo ni kazi ya Bi Gloriose Niyokwizera, katika chumba kimoja cha jengo letu pale Mwanga. Anachanganya chumvi zake kwenye kichupa, anadondosha tone juu ya kipande cha kioo, anakizungusha mbio, na tone likikauka linaacha fuwele nyembamba zinazoitwa peroviskaiti. Ukizipitishia umeme zinawaka zenyewe. Siku moja zitatupa skrini za simu na runinga ambazo hata mbeba mizigo wa Kibirizi atazimudu. Mimi sikuelewa kitu, lakini niliitikia kwa kichwa, tena kiofisi.

Tatizo lilikuwa bluu. Nyekundu ilikaa, kijani ilikaa, bluu ilififia kabla chai haijapoa. Kamati haikulala. Tuliiandikia bluu barua ya kujieleza, tukaipa siku kumi na nne. Haikujibu. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Oswald, akasema huo ni utovu wa nidhamu.

"Siyo nidhamu, Mzee, ni unyevu," Gloriose alimwambia. "Fuwele zikipigwa na hewa yenye maji zinakufa, na bluu ndiyo inatangulia. Hii skrini niliyoifunika kioo na kuiziba pembeni ina miezi mitatu na bado inawaka rangi zote. Ilimradi mtu asiifungue."

Sasa Mwenyekiti alikuwa na lake moyoni. Chumba kile alikitaka kiwe ofisi yake ya pili, ya kupumzikia uchovu wa ile ya kwanza. Kwa hiyo kamati ikaamua hivi: siku ya uzinduzi, skrini ikiwaka rangi zote tatu mbele ya mgeni rasmi, yaani yeye, Gloriose abaki. Bluu ikizima, atoe vitu vyake siku hiyohiyo. Na kwa kuwa ofisi haiwezi kuzindua kitu ambacho haijakigusa, kifuniko kifunguliwe, kila mjumbe aguse.

Gloriose alinijia mezani. "Kaka Feliksi, ni miaka minne. Sina pengine pa kufanyia kazi hii." Machozi yalimlengalenga. Nilimhurumia, maana katibu naye ni mtu. Nikamshauri aandike barua.

Mwenyekiti, mtu wa haki, aliliangalia suala la unyevu pia. "Huo unyevu una mwaliko?" aliniuliza. Nikapitia orodha ya wageni. Haumo. Basi tukapitisha Azimio Namba Saba: unyevu usiingie ukumbini kuanzia saa nane hadi saa kumi. Siku ilipofika tukafunga madirisha, tukafunga milango, watu themanini tukiwa ndani, na birika nne za chai zikichemka. Ili ithibitike kwamba unyevu umetii, Mwenyekiti akaagiza kipima unyevu cha Gloriose kiwekwe mbele yake, nami niandike namba kwenye muhtasari muda wote.

Bi Frida, muuza dagaa wa Kibirizi aliyealikwa kuwa mwananchi, alinusa mara moja tu.

"Mwanangu, kwa hewa hii hata dagaa waliokauka wangerudi kuogelea."

"Mama, hewa hii imefungiwa kwa azimio," nilimjibu.

"Ego," alisema, yaani ndiyo, akijifuta shingo kwa kitenge. "Naona linatutoa jasho."

Mwenyekiti alihutubia saa moja na dakika arobaini. Skrini ilikuwa na picha yake, amevaa suti ya bluu. Aliagiza kifuniko kifunguliwe mapema ili apate kujisemesha kwa karibu, na alijisemesha kweli, uso kwa uso, kama anayepuliza kuni mbichi. Nami niliandika kwa uaminifu. Kabla ya hotuba, asilimia hamsini na mbili. Utangulizi, sitini na sita. "Chini ya uongozi wangu shupavu," themanini na moja. Alipokaa kunywa maji, sabini. Aliposimama tena, themanini na tisa.

Wajumbe wakapita, wakagusa. Suti ikatoweka. Mheshimiwa akabaki uso wa njano na tai nyekundu. Watu themanini tukashikwa na kikohozi kwa pamoja.

"Bluu imeshindwa," alisema. "Chumba kirudi."

Gloriose alipanga vichupa vyake kikapuni kimoja kimoja, na Bi Frida akamshikia kikapu. Niliona aibu, na aibu haina fomu, kwa hiyo nilibaki nayo.

Mwenyekiti akasaini muhtasari kama anavyosaini yote, ukurasa wa mwisho tu. Nikaupeleka ngazi ya juu. Sikubadilisha hata namba moja. Hakuna aliyeniagiza.

Ngazi ya juu hawasomi hotuba, wanasoma namba. Jibu lilirudi siku ya tano: "Imebainika kuwa chanzo cha unyevu ni Mwenyekiti. Kwa kuwa Azimio Namba Saba linazuia unyevu, na limesainiwa na chanzo chenyewe, chanzo kiondolewe jengoni mara moja. Bi Gloriose arejeshewe chumba, na aongezewe ofisi ya chanzo, ambayo sasa itakuwa kavu."

Jana skrini mpya iliwaka, imezibwa vizuri, bluu ikiwemo. Gloriose alicheka peke yake mpaka akakaa chini. Bi Frida amepewa kazi ya kunusa hewa mlangoni, na hana mzaha. Saa tatu Mwenyekiti akatokea na karatasi zake za hotuba. Nilimsomea barua pale nje ya kizingiti, mpaka nakala kwa nani na nani.

Alizikunja karatasi zake. "Sasa mimi nikahutubie wapi?"

Bi Frida hakuinuka kwenye kigoda. "Nenda ziwani, Mheshimiwa," alisema. "Kule kumeshalowa."