Sindano Moja Kabla ya Safari

Jumatatu, 11 Machi

Imekuja! Barua ya shirika imekuja! Nimechaguliwa. Mwaka mzima wa kujitolea ng'ambo, kwenye zahanati yenye mkunga mmoja tu na ambayo haijawahi kuwa na muuguzi. Naondoka tarehe 26. Mimi, niliyemaliza chuo juzijuzi, tena nikiwa wa mwisho kabisa kati ya waliofaulu!

Bibi amepiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna harusi. Kila aliyepita mlangoni ameambiwa kwamba mumewe anapanda ndege. Mume ni mimi. Ameniita hivyo tangu nikiwa natambaa na sidhani kama ataacha leo. Amewaambia pia kwamba mimi ni daktari. Nimemsahihisha mara mbili, ya tatu nikanyamaza.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kijibarua cha yule mkunga. Anasema chumba changu wameshakipaka chokaa, na akina mama wameanza kuuliza nitafika lini. Nimekisoma mara nne. Mimi huwa naulizwa nitafika lini na Matroni, mkuu wetu wa wauguzi hospitalini, peke yake, tena kwa kufoka.

Jambo la kuudhi: wa akiba ni Mkono Pamba. Nani mwingine! Tulisoma darasa moja, yeye wa kwanza. Sasa yuko chumba cha chanjo pale hospitalini kwetu, na watu wanaapa kwamba akikuchoma huhisi kitu, ndiyo maana ya jina. Nikikosa karatasi hata moja, anapanda ndege yeye. Labda nife!

Karatasi zote ninazo isipokuwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano moja tu. Kwenye mkono wangu.

Niandike hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Mimi naogopa sindano. Kuchoma siogopi, nachoma watu kutwa nzima huku nawasimulia habari za mpira. Kuchomwa! Nikiona ncha inaelekea kwangu, masikio yanapiga honi. Chuoni tulipofundishwa kuchomana wenyewe kwa wenyewe, nilimwachia Mkono Pamba achomwe mara mbili, nikajifanya muungwana.

Kesho nakwenda. Nimekata shauri. Mwanamume ni kujikaza.

Jumanne, 12 Machi

Sikujikaza.

Nilikuwa na mpango, tena mzuri. Niliamka mapema nikafunga barafu begani kwa saa nzima, ili mkono ufe ganzi. Ulikufa kweli. Ulikufa wote, mpaka vidole. Nikaingia wodini nikashika trei ya dawa za asubuhi, na sikujua kwamba siishiki mpaka niliposikia chupa zikipasuka. Mgonjwa wa kitanda cha tatu akapiga makofi. Matroni hakupiga.

Saa tano nikafika chumba cha chanjo, barafu imeshayeyuka, shati limelowa upande mmoja. Mkono Pamba akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya ile safari. Kwa upole! Kisha akachana pakiti ya sindano. Mlio ule tu, chraa, nikamwambia nimemsikia Matroni akiniita. Akasema Matroni yuko kwenye mkutano jengo la pili. Nikasema ana sauti kubwa. Nikaondoka na furushi la pamba ambalo sikulihitaji.

Nimeumbuka, siku ya kwanza tu.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimetumia akili.

Kadi ni kipande cha karatasi. Inataka jina, tarehe, namba ya dawa, sahihi na mhuri. Kadi tupu ziko kwenye droo. Mhuri uko juu ya meza ya Mkono Pamba. Na Mkono Pamba, kama saa ya ukutani, saa nne kamili hutoka kwenda kunywa chai.

Mimi nina sababu halali ya kuingia chumba kile: friji ya chanjo ni jukumu langu. Asubuhi na jioni napima joto lake na kuliandika kwenye daftari. Ni kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kwa hiyo nikapewa mimi. Saa nne na dakika mbili nikaingia na kalamu yangu. Saa nne na dakika sita nikatoka nimeshachanjwa.

Tarehe nimeandika 20 Februari, ionekane ni jambo la zamani, limeshapoa. Sahihi nimechora kitu kama mnyoo. Mkono uliochomwa nimeandika wa kushoto. Nimefurahi mpaka nikajishika bega la kushoto kidogo, kwa mazoea.

Homa ya manjano? Nitavaa mikono mirefu. Nitalala ndani ya chandarua. Mbu wa kule hawanijui.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwisha!

Kabla karatasi hazijaenda kwa shirika lazima Matroni azikague. Nikampelekea faili, nikasimama kikakamavu. Akasoma. Akafika kwenye kadi. Akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza. Halafu akainuka, akaenda mwenyewe chumba cha chanjo, akarudi na daftari la friji.

Tarehe 20 Februari. Mwandiko wangu mwenyewe, tena mzuri kuliko kawaida: friji imezimika tangu usiku, joto nyuzi kumi na tisa, dawa zote zimeharibika, zimetolewa, zisitumike kwa mtu yeyote. Hilo la mtu yeyote nimelipigia mstari. Mara mbili!

Kati ya siku zote za Februari!

Matroni akaniuliza nilichomwa na nini siku hiyo. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli, na mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu mwingine. Nikasema nilichomwa na dawa ile ile, dakika chache kabla haijatupwa.

Akavua miwani zote mbili. Akasema, taratibu kabisa, kwamba kama chumba kile kilimchoma mtu mmoja dawa mbovu, basi hajui kiliwachoma wangapi.

Hili sikulifikiria.

Ijumaa, 15 Machi

Mkono Pamba ameondolewa chumba cha chanjo. Mhuri ni wake. Amepelekwa stoo kuhesabu mashuka mpaka uchunguzi uishe, na jina lake limesimamishwa pia kwenye ile safari.

Nilifurahi. Naandika kwa kuwa ni kweli: nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kisha Matroni akaniita na kunipa orodha. Watoto thelathini na wanane waliochanjwa wiki ile ya Februari, baada ya dawa mpya kuletwa. Hana tena uhakika ni dawa gani walipewa. Wote warudi, wachomwe upya. Na wa kuwapigia simu akina mama ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyegundua tatizo! Ameniambia nimefanya vizuri kusema. Sijawahi kusifiwa na Matroni. Sikujua inauma hivi.

Nimepiga simu nne. Mama wa kwanza alilia kabla ya mtoto. Wa pili aliniuliza kama mwanawe atakufa. Wa tatu anatoka mbali, atamchukua mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akaniuliza kama kweli hakuna njia nyingine. Wa nne alinishukuru. Alinishukuru mimi!

Ya tano sikupiga. Nilikwenda chooni nikajifungia. Thelathini na wanane wachomwe sindano kwa sababu mimi naogopa moja. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Nilipotoka nikapita stoo. Mkono Pamba alikuwa anakunja mashuka, macho mekundu. Akaniambia ameyapitia madaftari yake yote na haoni alipokosea. Nikajibu pole. Nikakunja naye mashuka mawili. Nayo nilikunja vibaya.

Jumamosi, 16 Machi

Nimesema.

Nilimkuta Matroni asubuhi yuko peke yake. Nikasema yote kwa pumzi moja: mhuri, mnyoo, mkono wa kushoto, kila kitu. Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. 

Matroni akachukua ile orodha ya watoto akaichana. Akaniagiza niwapigie tena wale akina mama wanne niwaombe radhi. Kisha niende stoo, nipige magoti kama itabidi. Barua ya onyo nitapata, na itakaa kwenye faili langu mpaka nizeeke. Lakini akasema safari haninyimi, kwa sababu kule kuna watu wanaosubiri na hawana kosa lolote. Nilitaka kulia. Nililia.

Akasema basi, kunja mkono wa shati, nikuchome mimi mwenyewe sasa hivi, yaishe. Akafungua droo kutoa sindano.

Nikamwomba iwe Jumatatu. Nikasema sijala. Nikasema daktari mmoja alishawahi kuniambia nisichomwe kabla ya kula. Akafunga droo akasema Jumatatu saa mbili, bila kukosa.

Siku mbili za kujiandaa. Afadhali!

Mkono Pamba hakunipiga, ingawa alishika shuka kwa namna iliyonifanya nirudi nyuma. Akasema alijua tangu mwaka wa kwanza kwamba naogopa. Alisema ningemwambia tu. Angenichoma huku ananisimulia habari za mpira.

Jumapili, 17 Machi

Sijala. Sijalala. Bibi amepanga nguo zangu kwenye sanduku, akazipangua, akazipanga tena. Ameniuliza kama kule kuna mtu wa kunikumbusha kuvaa soksi. Sikumjibu vizuri na sasa najisikia vibaya.

Jumatatu, 18 Machi

Nimechomwa!

Siwezi kueleza ilikuwaje kwa sababu sikuwepo. Nilikaa kwenye kiti, nikaona pamba, nikasikia harufu ya spiriti, na kilichofuata ni dari. Mkono Pamba, ambaye amerudishwa chumba cha chanjo na ndiye aliyenichoma, alikuwa ananipepea kwa daftari la friji. Matroni alikuwa ameishikilia miguu yangu juu. Nyuma yao foleni nzima ya akina mama na watoto wao inatazama, na mtoto mmoja wa miaka minne hivi akamwambia mama yake kwamba yeye hatalia kama yule mjomba.

Lakini imekwisha! Sikuhisi kitu, jina la Mkono Pamba si la bure. Akaniandikia kadi halisi, kwa mwandiko halisi, akapiga mhuri. Nikamkumbatia mpaka akakohoa.

Halafu akaitazama kalenda ukutani. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Akasema kadi ya homa ya manjano inaanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa. Uwanja wa ndege hawampitishi mtu kabla ya hapo.

Kumi na nane na kumi ni ishirini na nane. Naondoka ishirini na sita.

Ningechomwa Jumanne ile ya kwanza, ningekuwa na siku za kuchezea. Ningechomwa hata juzi, Jumamosi, Matroni ameshafungua droo, ningepita siku ile ile! Nilikuwa sijala. Mungu wangu. Nilikuwa sijala!

Na mimi ni muuguzi. Siku kumi hizo nilizijibia kwenye mtihani. Nilipata.

Jumanne, 19 Machi

Nimekaa kitandani tangu asubuhi. Nimekisoma kijibarua cha mkunga mpaka kimelegea kwenye mikunjo. Chumba kimepakwa chokaa. Sijawahi kutaka kitu maishani kama ninavyokitaka kile chumba.

Mkono Pamba alipita kabla ya kwenda kazini. Jina lake limerudishwa kwenye akiba, na kadi yake ina miaka mitatu. Nikamtakia safari njema, kwa uchungu. Akasema niache upuuzi. Niwaandikie shirika ukweli, niombe nisafiri siku tatu baadaye. Ni binadamu, wataelewa. Naye atawaandikia kwamba haitaki nafasi mpaka mimi nijibiwe. Mwanamke huyu! Nikamwahidi nitaandika ukweli mtupu, na nilimaanisha.

Nilimaanisha mpaka niliposhika simu kuandika. Ukweli unasomeka vibaya jamani. Mimi ni muuguzi naogopa sindano, nikaghushi kadi, nikawatisha akina mama, nikazimia mbele ya watoto, naomba siku tatu. Nani atamkabidhi mtu huyo zahanati? Nikafuta. Kinachotakiwa ni sababu yenye heshima. Sababu ambayo hakuna mtu anayeibishia.

Saa nne nimetuma. Naomba kuahirisha safari kwa siku tatu kwa kuwa bibi yangu mpendwa, aliyenilea, amefariki dunia ghafla. Nimeiandika vizuri mno, mpaka machozi yakanitoka. Bibi alipita na ndoo, akayaona, akanifuta kwa upindo wa nguo yake. Akasema mume wangu, hao wakikukataa, si hapa nyumbani upo? Nikalia zaidi.

Saa sita na nusu. Simu ya Bibi inaita sebuleni. Amepokea. Anashukuru kwa pole. Anauliza pole ya nini.

Lo! Fomu ya shirika ilitaka namba ya ndugu wa karibu. Niliandika yake. Sina ndugu mwingine wa karibu!

Anauliza nani kafa. Anasikiliza. Anasema hapana mwanangu, ni mimi mwenyewe naongea, leo nimefua na nimeanika. Anasema mumewe yuko chumbani anaandika, wasikate simu, anamletea aongee nao.

Ndara zake hizo, zinakuja.

Si neno. Nimeshapata. Kila mtu ana bibi wawili. Aliyefariki ni wa upande wa baba. Na kusema kweli huyo ameshakufa, mwaka niliozaliwa mimi. Ni tarehe tu ya kurekebisha.