Tumba kwa Kihispania

Jumamosi, 3 Januari 2026. Doha.
Leo ni miaka thelathini na minne tangu nije kupanga majalada ya ofisi kwa miaka miwili. Sikusherehekea. Kuna jambo kubwa zaidi: Edith anastaafu uuguzi, na Machi anarudi Voi kabisa. Nina wiki nane za kumfanya abaki.

Ana udhaifu mmoja. Mwuguzi mwenzake, Mkolombia, amempa orodha ya nyimbo zote zilizoshika namba moja kwao mwaka jana, pamoja na maneno yake. Kumi na saba! Anaziimba akipika, akipiga pasi, hata akipanga viti kanisani Mesaimeer. Maana yake hajui. Athanas, mpishi wa hoteli, naye hajui, lakini jana alimpigia mmoja kwa gitaa na akapewa kipande cha keki kilichokuwa changu kwa haki.

Jumatatu, 5 Januari.
Nimeiazima orodha. Ugunduzi! Kihispania husomeka kama Kiswahili: a ni a, u ni u. Nimesoma ukurasa mzima bila kukwama. Michelle, binti yangu ninayeishi kwake hapa Al Sadd, aliuliza nimejifunza lini. Nikamjibu kwamba mtu hujifunza. Huo si uongo.

Na kama matamshi ni yetu, maana haiwezi kuwa mbali. Waarabu waliitawala Hispania karne nyingi. Sukari yao na yetu ni neno moja. Michelle alisema simu inaweza kunitafsiria. Simu haijui mashairi.

Jumatano, 7 Januari.
Nimechagua wimbo wa tatu, uliokaa kileleni wiki saba. Kiitikio kina flores, maua, hilo hata Edith analijua. Kisha: tu tumba. Tumba! Vijana wetu wamelisahau neno hili, ua ambalo bado halijafunguka. Wakolombia hawajalisahau. Nilifuta miwani mara mbili.

Nitaimba Ijumaa baada ya ibada. Mbele ya watu wote. Mbele ya Athanas hasa.

Ijumaa, 9 Januari.
Nimeimba.

Edith alikuwa amemleta yule Mkolombia. Kiitikio cha kwanza, mgeni akaweka kikombe chini. Cha pili, nilipomnyooshea Edith mkono, mgeni huyo akapiga ishara ya msalaba. Athanas akamwomba atafsiri, kwa furaha isiyomfaa Mkristo. Mgeni akasita, kisha akasema: naleta maua kaburini kwako.

Tumba kwao ni kaburi. Nimemzika mwanamke akiwa hai, mbele ya kwaya nzima. Athanas akauliza matanga yanaanza saa ngapi, alete sufuria.

Edith alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akaacha kucheka. Akanivuta kando, akanieleza kwamba kaburi la marehemu mumewe lina miaka kumi na mmoja halijaona ua, kwa kuwa yeye yuko huku.

“Mzee Maurice,” akasema, “maua hayaimbwi. Hupelekwa. Kwenu Mwatate na kwetu ni nusu saa tu. Machi twende wote.”

Athanas hakusikia. Hasara! Nikamwambia Edith nitafikiria.

Jumamosi, 10 Januari.
Nimefikiria. Nimewahesabu ninaowajua Mwatate: saba. Watano wako kwenye tumba, zile za Kihispania. Wawili waliobaki, sina hakika kama watanijua. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa wa bluu. Kama wameupaka rangi nyingine, sitaki kuiona.

Kwa hiyo njia ni ile ile: Edith abaki. Kosa la jana lilikuwa la wimbo, si la mbinu. Wimbo wa tisa una neno moto mara kumi na mbili. Moto! Hapo hapana shaka: ni mapenzi makali. Michelle alipita nyuma yangu akauliza kwa nini nataka kumwimbia Mama Edith habari za pikipiki. Nikamwomba asiniharibie.

Nitauimba Ijumaa, kwa sauti kubwa zaidi. Edith atabaki.

Mimi sitarudi.